Samaki wa mapambo: Chakula kwanza, matangi baadaye

KWA mfugaji wa kuku, chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama. Akikosea, kuku hudumaa na faida hupungua. Kwa anayetaka kufuga samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, kosa la chakula ni zito zaidi. Linaweza kuua mtaji wenyewe katika siku chache, na mtaji huo ni samaki ambao ziwa halina wengi wa kupoteza.

Kwa miaka mingi samaki hao wamekuwa wakikamatwa na wazamiaji kwenye miamba ya ziwa na kusafirishwa kwa ndege hadi ng'ambo. Miongoni mwa wanaotafutwa sana ni Tropheus duboisi, samaki mweusi mwenye kichwa cha buluu na mkanda mweupe au wa njano. Anapokuwa mdogo huwa na madoa meupe mwili mzima. Anapatikana upande wa kaskazini wa ziwa hilo tu, na mwaka 2006 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Kumfuga badala ya kumvua ni wazo zuri. Wafugaji wa Ujerumani, Jamhuri ya Czech na jimbo la Florida nchini Marekani wanazalisha samaki wenye asili ya Ziwa Tanganyika na kuwauza, wakati mvuvi wa Kigoma haambulii kitu. Hakuna sababu ya biashara hiyo kushindikana penye maji ya ziwa lenyewe, jua la kutosha na watu wanaowafahamu samaki hao.

Tatizo ni kwamba wengi hudhani samaki ni samaki. Aliyewahi kufuga kambare huona chakula chenye dagaa wengi ndicho bora, kwa kuwa kinanenepesha haraka. Tropheus hakuumbwa hivyo. Kutwa nzima hukwangua mwani wa kijani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, kama inavyostahili mla majani. Akishindiliwa dagaa, nyama au minyoo, chakula hukaa tumboni bila kusagika vizuri. Hutema anachopewa, kinyesi huwa cheupe kama uzi, tumbo huvimba, kisha hufa. Maji machafu, msongamano na misukosuko ya safari huchangia pia, lakini chakula kisichofaa ndicho kinachofungua mlango.

Hasara yake haifanani na ya perege, ambaye hutoa mamia ya vifaranga. Jike la Tropheus hutaga mayai makubwa lakini machache, mara nyingi yasiyofika ishirini, na kuyalea mdomoni kwa takriban mwezi mmoja. Tuchukulie mfano wa mfugaji mwenye majike 20, kila moja likitoa vifaranga 8 mara tatu kwa mwaka. Atapata vifaranga 480. Majike 10 yakifa kwa chakula kibaya, atapoteza vifaranga 240 kwa mwaka, na atalazimika kurudi ziwani kutafuta wazazi wengine. Hapo ufugaji unakuwa njia nyingine ya kulimaliza ziwa.

Isitoshe, watafiti wamebaini kwamba jike huendelea kula mwani hata likiwa na watoto mdomoni, na sehemu ya mwani huo huliwa na watoto. Kwa hiyo lishe ya mama ni mtaji wa kizazi kinachofuata. Rangi, ambayo ndiyo bei, nayo hutegemea chakula, kwani samaki hawezi kujitengenezea mwenyewe rangi za njano na nyekundu. Huzipata katika mwani na mimea.

Habari njema ni kwamba chakula kinachofaa hakiko mbali. Mawe yakiwekwa katika tangi la maji ya ziwa juani huota mwani baada ya siku chache, na yanaweza kubadilishwa kwa zamu. Mchicha uliochemshwa kidogo hufaa. Unga wa spirulina, mwani uleule unaoliwa na heroe katika maziwa ya magadi, unaweza kuwa msingi wa chakula kikavu. Kitolewe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kuliko kingi mara moja. Hata hivyo si kila samaki wa ziwa hilo ni mla mwani. Wapo wanaokula vijidudu vya majini na wapo wanaokula samaki wenzao. Kila aina ina mezani pake.

Kwa sababu hiyo, mwenye nia ya kuanza asikimbilie saruji na vioo. Apate kwanza kibali na ushauri wa ofisa uvuvi, kisha ajaribu chakula kwa samaki wachache kabla ya kuongeza matangi. Nao watafiti wa TAFIRI Kigoma na vyuo vya kilimo wana wajibu wa kuandaa mchanganyiko nafuu wa chakula cha samaki wala mwani na kuwafundisha wafugaji kuutengeneza. Anayenufaika na ziwa asiwe yule tu anayewafuga samaki wake ng'ambo.