Katesh na Mbulu: Tusiuziwe mbuzi kwenye gunia la supamaketi

Desemba 3, 2023 Mlima Hanang ulishusha matope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka na vibanda vilifukiwa. Misaada ilikuja, na huko Waret zikajengwa nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliokosa makazi. Kwa hilo hatuna ugomvi. Anayestahili pongezi apewe.

Ugomvi wetu uko kwenye swali ambalo nyumba peke yake haziwezi kulijibu. Mtu akishapata paa, atakula nini? Kijana ambaye kibanda chake cha mitumba kiliondoka na matope ataanzia wapi? Mji wenyewe utafufuka vipi?

Kila linapozungumzwa suala la kufufua miji yetu, iwe Katesh au Mbulu mjini, haikawii kutajwa supamaketi. Utaambiwa: aje mwekezaji, ajenge jengo la vioo, taa ziwake, mji utachangamka. Vijana vijiweni wanapiga makofi, na sisi hatuwalaumu. Nani hataki kuona mji wake unang'aa? Nani hataki ajira ya kukaa kivulini badala ya kukimbilia Mererani kuwa mwana-Apolo?

Lakini haraka haraka haina baraka. Kabla ya kumuuliza mwekezaji atatuuzia nini, tumuulize atanunua nini kwetu. Mji haufi kwa kukosa mahali pa kununua. Mji unakufa pale fedha inapoingia asubuhi na kuondoka jioni bila kuzunguka.

Tuchukue mfano wa mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu. Akiuza gunia lake mjini, ananyoa nywele kwa kinyozi, anakula kwa mama ntilie, ananunua bati dukani, anarudi kwao kwa bodaboda. Fedha ile ile imelisha watu wanne kabla jua halijazama. Sasa ije supamaketi inayoshusha kila kitu kutoka mbali, hata maziwa na vitunguu, na mauzo ya siku yaende kwenye akaunti ya makao makuu. Fedha hiyo imelisha nani hapa zaidi ya mlinzi na wasichana wawili wa mapokezi?

Msomaji asidhani tunatisha watu kwa hadithi za kufikirika. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa Dar es Salaam na Arusha. Mwaka 2014 maduka yake ikamwachia Nakumatt wa Kenya. Uchumi, Mkenya mwingine, alifunga maduka yake ya Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt naye akaelemewa na madeni, rafu zake zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Wengi wa waliokuwa wakidai ni watu waliopeleka bidhaa kwa mkopo wakisubiri kulipwa. Kama Dar na Arusha, miji yenye watalii na wenye mishahara minono, majengo hayo yalifungwa, Katesh inayotegemea mahindi na mnada wa ng'ombe itamshikilia vipi mwekezaji siku akiona hesabu hazimlipi? Yeye ataondoka. Mwenye duka aliyekuwa anakukopesha unga kwa daftari atakuwa ameshafunga zamani.

Na Hanang si mgeni wa miradi mikubwa. Miaka ya 1970 na 1980 NAFCO, kwa fedha za Canada, ilichukua ekari karibu 100,000 za Wabarbaig kulima ngano. Matrekta yalikuja, wataalamu walikuja, ngano ilistawi. Kijiji cha Mulbadaw kilipokwenda mahakamani kudai ardhi, Mahakama ya Rufani ilikibwaga mwaka 1985. Ngano ilipakiwa kwenye malori, ikasagwa kwenye vinu vya miji mikubwa. Katesh ilibakiwa na nini? Vumbi! Wilaya hii hii ilitoa Waziri Mkuu kwa miaka 10, kuanzia 1995 hadi 2005, na bado lami ya Babati hadi Singida ilikamilika yeye akiwa ameshaondoka ofisini. Wakubwa wanapotuahidi neema, tuna haki ya kuuliza mara mbili.

Asitokee mtu akasema tunataka kurudi enzi za maduka ya ushirika. La hasha! Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka, ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya vijiji yashike nafasi. Matokeo yake kila mzee anayakumbuka: foleni za sabuni na sukari. Amri ya juu iliua biashara ndogo wakati ule. Leo biashara ndogo inaweza kuuawa kwa mkataba wa siri. Silaha imebadilika, marehemu ni yule yule.

Sheria yenyewe inatupa sababu ya kuwa macho. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo za rejareja, saluni, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Vijana walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini soma vizuri: supamaketi zimeachwa nje ya katazo la rejareja. Mgeni haruhusiwi kufungua kioski, lakini anaruhusiwa kufungua jengo litakalofunga vioski 40. Mlango umefungwa, dirisha limeachwa wazi.

Je, tunasema supamaketi isije? Hapana. Tunasema ije kwa masharti, na masharti yaandikwe.

Kwanza, mkataba wa kiwanja usomwe hadharani: nani anapewa, kwa miaka mingapi, anailipa halmashauri kiasi gani.

Pili, mkataba utaje bidhaa zitakazonunuliwa hapa hapa: vitunguu saumu vya Mbulu, alizeti, maharage na mbaazi za Hanang, samaki wa Basotu, nyama na maziwa ya wafugaji. Na muuzaji alipwe ndani ya siku zitakazotajwa, asije akalizwa kama walivyolizwa waliomkopesha Nakumatt.

Tatu, kabla ya jengo la vioo, soko la wananchi lipewe kwanza paa imara, maji, vyoo, mitaro ya kupitisha mafuriko na chumba cha baridi. Aliyefukiwa kibanda apewe meza kabla ya aliyekuja jana na gari la kifahari.

Nne, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo ni mikopo ya vijana itolewe bila kuangalia kadi ya chama. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kijana wa Katesh aliyepigwa na matope Desemba 2023 aliikuta dirisha limefungwa siku alipoihitaji kuliko siku zote.

Nani atayasimamia haya? Hapo ndipo penye kidonda. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kuchukua karibu asilimia 99 ya viti vya wenyeviti wa vijiji nchini. Vikao vimejaa watu wa upande mmoja. Anayetoa kiwanja, anayekagua mkataba na anayepiga makofi wote wametoka nyumba moja. Kama mambo yakienda vizuri, sifa ni zao, tutawapa. Yakienda mrama, wasitafute wa kumsingizia.

Kwa hiyo kijana mwenzetu, kazi inabaki kwako. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Usiishie kijiweni kulalamika. Nenda, kaa mbele, nyoosha mkono, omba mkataba usomwe. Wakikuambia ni siri ya halmashauri, waulize: siri ya halmashauri dhidi ya nani, kama si dhidi ya wewe mwenye mji?

Gunia lifunguliwe kwanza, tumwone mbuzi. Ndipo tuzungumze bei.