Ngumi za Ridhaa Zisiachwe Zife

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Ndugu Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati na kukabiliana na Mwingereza John Conteh. Conteh alipata dhahabu, Simba wetu akarudi na fedha. Oktoba 1974 Conteh alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC katika ngumi za kulipwa. Walisimama katika ulingo mmoja, lakini mbele ya Conteh palikuwa na njia iliyokwisha kutengenezwa. Siasa ya michezo ya Taifa letu wakati ule ilisimama juu ya ridhaa, na ngumi za kulipwa hazikuwa na nafasi katika mipango yetu.

Hatuandiki haya kwa majuto. Tunayakumbusha kwa sababu mambo sasa yamepinduka. Malipo yapo, lakini ridhaa imeota majani.

Apitaye Tandika, Keko au Mwananyamala jioni atawaona vijana wakipiga gunia lililojazwa mchanga na matambara. Baadhi yetu huwaita wahuni. Ni kosa, mhuni haamki alfajiri kukimbia hadi mwisho wa barabara. Tatizo ni kwamba kijana huyo, baada ya miezi michache tu, hutafutwa na mwandalizi wa mapambano, akapandishwa ulingoni kwa posho isiyotosha hata kutibia taya lake. Hajui kujikinga, wala hajafundishwa namna ya kumaliza raundi akiwa amechoka. Anachokijua ni kupiga, na kupigwa.

Ridhaa ndiyo madrasa ya mchezo huu. Huko bondia hupigana raundi tatu, hukutana na wapinzani wa kila namna, tena waamuzi huhesabu ngumi safi, si makelele ya mashabiki. Ndugu Rashid Matumla alilivaa vazi la Taifa katika Olimpiki kabla ya kuutwaa ukanda wa WBU. Ndugu Michael Yombayomba alitupatia dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998, naye alikuwa bondia wa ridhaa.

Watatokea watakaotutajia Ndugu Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemwangusha Sam Eggington mjini Birmingham Septemba 2018, raundi ya pili tu. Ushindi ule tuliushangilia, na bado tunausimulia. Lakini katika mji ule ule, mwaka 2022, Ndugu Yusuf Changalawe na Ndugu Kassim Mbundwike walileta shaba mbili za ridhaa. Ni mashabiki wangapi wa Temeke wanaoyajua majina yao?

Kamisheni ya ngumi za kulipwa isimpe leseni kijana yeyote asiyekuwa na hati ya mapambano yake ya ridhaa, iliyothibitishwa na Shirikisho la Ngumi, pamoja na cheti cha daktari aliyempima kichwa na macho. Waandalizi watalalamika kwamba wapiganaji watapungua. Na wapungue. Manispaa za Kinondoni na Temeke nazo zitenge kila moja ukumbi mmoja wenye ulingo, mwalimu anayelipwa mshahara, na mashindano ya kata kwa kata. Gharama yake si kubwa kuliko ya kumlisha na kumuuguza maisha yake yote kijana mmoja aliyeharibika ubongo akiwa na miaka ishirini.