Asali ya Sikonge Haina Kosa, Kosa ni Letu



Msimu wa harusi umeingia. Pamoja na liwa, singo na udi, mwali siku hizi analetewa na chupa ya asali ya Sikonge, na maneno juu yake: "Hii haina sukari, hata mama mwenye kisukari anakula atakavyo." Tunasema wazi: si kweli, na maneno haya yanaumiza watu.

Asali yenyewe hatuna neno nayo. Inatoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora, kwa warina asali wanaotundika mizinga ya magome na magogo juu ya miti. Nyanda hizo si ngeni kwetu. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja ilipita Bagamoyo hadi Tabora, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Njia ile imeshapitisha dhuluma. Tusiipitishie na uongo.

Asali ni sukari. Katika gramu 100, takriban 80 ni sukari. Kijiko kimoja cha mezani kina kama gramu 17. Huenda ikapandisha sukari ya damu taratibu kidogo kuliko sukari nyeupe, lakini inapandisha.

Na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Insulini hubisha hodi kwenye seli ili sukari iingie. Mafuta ya tumboni yakizidi, hutoa kemikali za mchochota kama TNF-alpha na IL-6, na seli zikaacha kuitikia hodi. Kongosho huongeza insulini mpaka huchoka. Ini nalo hutoa protini iitwayo CRP, ambayo hupimwa kwenye damu. Mchochota huu hauumi wala hauleti homa. Lakini asikuuzie mtu kipimo cha CRP kuwa ndicho cha kisukari. Hata mafua huipandisha. Kisukari hupimwa kwa sukari yenyewe: HbA1c kuanzia asilimia 6.5, au sukari ya kabla ya kula kuanzia 7.0.

Sasa tujiulize: kwa nini bado tunamfungia mwali ndani, hatembei, analishwa halua na asali ili "anone"? Wengi wetu hubeba mimba miezi ya mwanzo ya ndoa. Sukari isiyodhibitiwa katika wiki za kwanza za mimba, kabla hata mama hajajijua, huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Huo ndio unono tunaoutafuta?

Wapo watakaosema tunaipinga Qur-ani. Hasha! Suratun-Nahl imetaja ponyo katika asali, nasi tunaamini. Haikutuamrisha kuacha vidonge wala kula bila kipimo. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na akatufundisha kuligawa tumbo: theluthi chakula, theluthi maji, theluthi pumzi.

Basi akina somo na mashangazi, mnapompeleka mwali kupima damu kabla ya nikaha, ombeni na sukari ipimwe. Mwacheni atembee asubuhi. Mama mwenye kisukari asiache dawa kwa ajili ya chupa, na akitaka kijiko cha asali, akihesabu ndani ya sukari yake ya siku, kwa ushauri wa daktari wake.

Mwili ni amana, na amana huulizwa. Allah atujaalie afya na ndoa zenye baraka. Aamin.