Dawa ya pamba hukata pumzi kuanzia ubongoni

Kila mwanzo wa mwaka, mvua zikikubali, Migato, wilayani Itilima, hunuka dawa. Pamba imeshatanua matawi, funza wa vitumba wameanza kazi, na wakulima wamebeba mabomba mgongoni tangu alfajiri. Sina ugomvi na kupuliza. Asiyepuliza, awe Itilima au Bariadi, hana pamba ya kupeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Ugomvi wangu ni kwamba tunafikisha sumu hadi mlangoni kwa kila kaya, ila tiba yake tunaiacha mbali.

Nimefanya utabibu katika vijiji vya pamba, na wagonjwa wa sumu hii nawajua tangu mlangoni. Mboni za macho zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Mate na machozi yanamtoka, kifua kinakoroma, mapigo ya moyo yamepungua, nyama za mashavu zinachezacheza zenyewe. Baba mmoja aliletwa kwa bodaboda, amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva asianguke. Shati lilikuwa limelowa dawa nyuma kote. Bomba lilivuja tangu asubuhi naye akaendelea ili amalize eka. Mkewe alikuwa ameshika chupa ya maziwa. "Mganga, tumemnywesha lakini yanarudi," alisema. Atropini, dawa inayotibu sumu hii, tuliyokuwa nayo iliisha kabla kifua hakijakauka. Alifariki tukiwa njiani kumpeleka hospitali.

Maziwa hayaiondoi sumu iliyopita kwenye ngozi, na kwa mtu aliyelegea huingia mapafuni. Viuatilifu vya kundi la organofosfeti, kama profenofosi, huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka amri. Isipovunjwa, amri haikomi. Neva ya vagasi inazidi kuuambia moyo upunguze mwendo, na tezi zinazidi kumwaga ute mpaka njia za hewa zijae.

Pigo kubwa zaidi liko kwenye shina la ubongo, kisogoni. Mwaka 1812 Mfaransa Legallois alieleza kwamba kuna sehemu ndogo hapo ambayo ikiharibiwa, sungura anaacha kupumua. Mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao waliibainisha kwa panya: kundi dogo la seli liitwalo preBötzinger. Walikata kipande chembamba cha ubongo chenye seli hizo, wakakiweka kwenye chombo cha maabara, nacho kikaendelea kutoa mdundo wa pumzi peke yake. Baadaye majaribio ya panya waliopewa sumu za kundi hili yalionyesha kwamba mdundo huo wa ubongoni ndio unaozimika kwanza, kisha mapafu yanafuata. Panya waliopumulishwa kwa mashine hawakufa palepale.

Kwa sisi wa vijijini maana yake ni kubwa. Mgonjwa anaweza kuacha kupumua wakati moyo bado unapiga, na mtu mwenye ambu, mfuko wa kupumulishia, akimsukumia hewa kwa mkono anampatia muda wa atropini kufanya kazi. Lakini ambu ya kitoto iliyoko chumba cha kujifungulia haimtoshi mkulima mzima. Atropini nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si dawa ya anasa. Tatizo ni kiasi: ampuli moja huwa na miligramu moja au pungufu, na aliyezidiwa anaweza kuhitaji makumi ya miligramu, tena kwa kurudiarudia hadi kifua kikauke. Kuweka ampuli tano kabatini ni kujidanganya.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Pamba na halmashauri zetu: gari linaloshusha ekapaki, yaani pakiti za dawa za kupuliza eka moja, kijijini lishushe pia atropini na ambu ya mtu mzima kwenye zahanati ya hapo, na wahudumu wafundishwe kuvitumia kabla msimu wa kupuliza haujaanza. Viuatilifu vyenye sumu kali zaidi viondolewe sokoni. Sri Lanka ilivipiga marufuku na vifo vya sumu vikapungua sana.

Nawe msomaji, ukimkuta jirani ameanguka shambani, mvue nguo zilizolowa, huku umejikinga mikono. Muoshe kwa maji mengi na sabuni, mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimpe maziwa wala kumtapisha. Chukua chupa ya dawa yenye kibandiko chake, umkimbize zahanati saa hiyohiyo.