Televisheni ya kisogo: usiitupe, wala usiifungue

Wahenga walitushauri tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, mwaka wa 2015 Kenya ilipozima mitambo ya analogi na kuhamia matangazo ya dijitali, wengi wetu tuliuacha mbacha wetu. Televisheni nene zenye kisogo zilitolewa sebuleni, nyingine zikatiwa stoo na nyingine zikauzwa kwa bei ya kutupa. Hata zile Great Wall ndogo za picha nyeusi na nyeupe, ambazo kijiji kizima kilikuwa kikizitazama kwa nguvu za betri ya gari, ziligeuka vitanda vya kuku.

Leo tuizungumzie kazi moja ambayo televisheni hiyo bado inaiweza kuliko kioo chembamba. Nayo ni kuwa skrini ya pili ya mashine ya gemu, lile kabati la kusimama lenye vijiti na vibonyezo ambalo mchezaji hulitumbukizia sarafu.

Tuchukue mfano wa Kibwezi, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, panapochepuka njia ya kwenda Mutomo na Kitui. Tuseme kijana hapo amejipatia kabati kuukuu la gemu na kulikarabati. Likizo ya shule ikifika, wanaocheza ni wawili lakini wanaosubiri ni kumi, na hao kumi humlalia mchezaji mgongoni ili waone. Skrini ya pili ikiwekwa juu ukutani na kuelekezwa benchini, kila mmoja ataona akiwa ameketi, na mchezaji atapumua.

Msomaji asidhani kwamba huku ni kubahatisha. Mwaka wa 1972, kampuni ya Atari ya Marekani ilipoubuni mchezo wa Pong, fundi wake Allan Alcorn alinunua televisheni ya kawaida ya Hitachi dukani na kuitia ndani ya kabati la mbao. Kabati hilo lilipelekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Haukupita muda mrefu likakwama, kwa sababu mkebe wa sarafu ulikuwa umejaa hadi kufurika.

Michezo iliyofuata kwa zaidi ya miaka 20 ilichorwa kwa ajili ya kioo cha aina hiyo. Ndani ya kisogo mna mwali unaochora picha mstari kwa mstari, papo hapo. Kioo chembamba huipokea picha hiyo, kuipanga upya na kuikuza kabla ya kuionyesha, na hapo hupotea sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari, hilo si kitu. Kwa mchezaji wa Street Fighter II, mchezo wa mwaka wa 1991, ni tofauti ya kupiga na kupigwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Makabati mengi yaliyotengenezwa baada ya 1985 hufuata mpango wa Kijapani uitwao JAMMA, ambapo bamba la gemu huchomekwa kwenye soketi moja yenye njia 56. Picha hutoka kwa nyaya mbalimbali za rangi nyekundu, kijani na samawati. Televisheni zetu nyingi hazina mlango wa nyaya hizo. Zina tundu la manjano la AV. Kwa hivyo panahitajika kigeuzi kidogo kilichoundiwa mashine za gemu. Usizisokote nyaya mbili pamoja kwa mkono, kwani picha itafifia kotekote.

Hakikisha kigeuzi hicho kinatoa PAL, mtindo wa rangi wa televisheni za huku kwetu. Kikitoa NTSC ya Marekani, huenda ukaona picha isiyo na rangi. Picha ikipanda na kushuka, tafuta nyuma ya televisheni kirungu cha kuituliza. Angalia pia mkao wa mchezo. Pac-Man ya 1980 ilichorwa kwa skrini iliyosimama wima, na kwenye televisheni ya nyumbani picha yake italala ubavu. Usiigeuze televisheni kuilaza nayo, maana rangi huchafuka na matundu ya kutolea joto huzibika.

Na kama televisheni haina tundu la AV? Hapa ndipo tunapomwomba kila mzazi asome kwa makini.

Ndani ya kisogo umeme hufikia volti 20,000 na zaidi, ilhali ule wa ukutani ni 240. Bomba la kioo hubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Zaidi ya hayo, katika televisheni nyingi za bei nafuu zisizo na AV, chuma cha ndani huunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kikiwa kimefunikwa na plastiki, hakina madhara. Lakini ukitoboa kisogo ili uvute waya hadi kwenye kabati, umeme utaufuata waya huo hadi mlango wa chuma wa sarafu. Atakayeupokea ni mtoto, mkono wake ukiwa na jasho la joto la Kibwezi.

Njia salama ipo. Tafuta deki ya video ya zamani yenye AV. Ipelekee picha ya gemu, kisha itoe kwa waya wa antena hadi kwenye tundu la antena la televisheni. Hakuna skrubu hata moja itakayofunguliwa.

Usisahau uzito. Televisheni ya inchi 21 huweza kuzidi kilo 20, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwenye kioo. Isiwekwe juu ya kabati, kwa maana mchezaji aliyeshindwa hutikisa kijiti kwa hasira. Mwambie fundi wa jua kali achomelee rafu ya chuma na kuifunga ukutani kwa bolti, akiacha nafasi ya shubiri nyuma ili joto litoke. Vumbi lipanguswe kwa nje tu.

Na siku televisheni itakapokufa kabisa, watoto wasiivunje kutafuta shaba. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na bomba hilo huweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande usoni.

Mbacha wa zamani hukaliwa, haufumuliwi. Anayetaka kuona kilichomo ndani na amwachie fundi aliyesomea kazi hiyo.