Si kila homa ni malaria

Mtu akipatwa na homa katika maeneo ya mpakani, neno la kwanza kutajwa ni malaria. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, tunaona ipo haja ya kukumbushana kuhusu ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya jina hilo: homa ya papasi.

Papasi si kama kupe wa ng'ombe, anayeng'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa. Yeye huishi ndani ya nyumba, katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo ndugu zetu wanaorejea kutoka kambi za Kigoma wasidhani kwamba nyumba iliyofungwa muda mrefu ni salama.

Wafanyabiashara nao wamo hatarini. Mwaka 1905 Robert Koch aliwakuta papasi katika vituo vya kupumzikia misafara, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka huohuo Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, aliambukizwa na akafia Kasongo. Anayelala leo chini kwenye mkeka, katika nyumba ya udongo, akisubiri kuvuka Manyovu au Kobero, hana tofauti na wapagazi wa wakati ule.

Homa hiyo huja kwa ukali, pamoja na maumivu ya kichwa na viungo. Baada ya siku chache hutulia, mgonjwa akidhani amepona. Wiki moja hivi baadaye hurudi. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto mchanga.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiuonyeshi ugonjwa huu. Damu lazima itazamwe kwa hadubini, hasa homa inapokuwa imepanda. Mgonjwa aliyeambiwa hana malaria asirudishwe nyumbani na dawa ya maumivu tu. Aulizwe alilala wapi, na asipoulizwa aseme mwenyewe. Dawa zipo na zinaponya, ila dozi ya kwanza itolewe akiwa chini ya uangalizi, maana hali inaweza kubadilika ghafla.

Tunazitaka wizara za afya za pande zote mbili zihakikishe vituo vya mpakani vina hadubini na watu wanaojua kuitumia. Wanaopokea wanaorejea wawape elimu hii siku ya kwanza. Wenye nyumba za wageni wasakafie vyumba kwa saruji na kuweka vitanda. Nasi wananchi tulale kitandani, mbali na ukuta, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro, wala tusihamishe mikeka na magodoro makuukuu bila kuyakagua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa papasi, ufa usiozibwa unaweza kutugharimu maisha ya mtoto.