Ulyankulu Ilisubiri Miaka 42

Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilitangaza kuwa wachezaji watatu wa Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania: Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Arthur Bada kutoka Ivory Coast na Muhamed Damaro Camara kutoka Guinea. Kelele zilipigwa wiki kadhaa, kila kijiwe cha kahawa kikawa na mwanasheria wake, kisha ligi ikaendelea na watu wakahamia kwenye mambo mengine. Mimi sijahama. Uamuzi ule ulikuwa wa makosa, na kadiri matokeo ya timu zetu za taifa za vijana yanavyozidi kuingia ndivyo kosa lenyewe linavyozidi kuonekana.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na vijana wale watatu. Waliona mlango umefunguliwa, wakaingia. Wala sisi wa Tabora si watu wa kuogopa mgeni. Mji huu umejengwa na wapitaji. Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Waarabu wa Oman waliojenga Kwihara, Waswahili wa pwani waliokuja na misafara, wote walikaa wakawa watu wa hapa, na wajukuu zao leo ukiwauliza kwao ni wapi watakuambia Tabora. Ugomvi wangu ni na Serikali iliyojua kuharakisha karatasi kwa watu wazima wanaolipwa mishahara ya mpira, ilhali kwa watoto wa mkoa huu huu karatasi hiyo hiyo ilichukua zaidi ya miaka arobaini.

Waliotetea uamuzi walikuwa na hoja zao. Uhamiaji ilisema wachezaji waliomba wenyewe na wakapewa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia. Wengine walitukumbusha kwamba Qatar na Guinea ya Ikweta zimefanya hivyo siku nyingi. Wapo waliosema mchezaji bora akiwa raia, ligi inapanda na timu ya taifa inanufaika. Hoja ya sheria naiheshimu, ingawa sheria hiyo hiyo inamtaka mwombaji wa kawaida awe ameishi nchini jumla ya miaka 7 kabla ya kuomba, na vijana wale hawakuwa na misimu mingi hapa. Hoja ya Taifa Stars haisimami hata kidogo. Kanuni za FIFA zinasema mtu asiye na mzazi wala babu au bibi aliyezaliwa katika nchi husika, kama amehamia akiwa ameshatimiza miaka 18, hawezi kuichezea nchi hiyo mpaka awe ameishi humo miaka 5 mfululizo. Kwa hiyo cheti kile hakikuwapa jezi ya taifa. Kilichobadilika papo hapo ni hesabu ya klabu. Kanuni za ligi yetu zina kikomo cha wachezaji 12 wa kigeni. Mgeni akigeuzwa raia, nafasi yake inabaki wazi kwa mgeni mwingine, na kijana mzawa aliyekuwa akisubiri benchi anasogezwa nyuma hatua moja zaidi.

Lakini hata hilo la kikomo cha wageni si kubwa kuliko yote. Kubwa ni umri. Nchi inampata mchezaji wake kabla hajafikisha miaka 18. Baada ya hapo inagombania mtu ambaye wengine walikwisha kumlea. Wazungu walilijua hili zamani, na ndiyo maana mashindano yao ya vijana yakawa kama yalivyo.

Tazama utaratibu wa ubingwa wa Ulaya kwa vijana chini ya miaka 17. Ulianza mwaka 1982 ukiwa wa chini ya miaka 16, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa wa 17. Kila mwaka karibu mashirikisho yote ya Ulaya huingiza timu. Kuna mchujo wa makundi wakati wa vuli, kuna mchujo wa pili majira ya kuchipua, ndipo zinakuja fainali. Kijana wa Denmark au Uswisi anaweza kuwa amecheza mechi sita za ushindani wa kimataifa kabla hata fainali hazijaanza, na mwaka unaofuata anapanda daraja, na mwingine tena, mpaka timu ya chini ya miaka 21. Kwa mtoto wa mhamiaji mashindano haya ni zaidi ya mpira. Ndipo taifa linapomwita kwa jina, likamkatia hati ya kusafiria na kumvika rangi zake. Uswisi ilipotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, kikosini walikuwamo Granit Xhaka, Haris Seferović na Ricardo Rodríguez, wote watoto wa familia zilizotoka nje. Eduardo Camavinga alizaliwa Angola katika kambi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa Wakongo; Ufaransa ilimpa uraia Novemba 2019, akiwa bado hajatimiza miaka 17, na mara moja akaitwa timu ya taifa ya chini ya miaka 21. Canada ilimpa uraia Alphonso Davies, aliyezaliwa katika kambi ya Buduburam nchini Ghana, akiwa na miaka 16.

Sasa njoo karibu zaidi na nyumbani. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura mwaka 1993. Vita vilimchukua baba yake, na akiwa na miaka 10 akafika Birmingham alikokuwa mama yake. Mtoto mkimbizi, Mrundi, hajui Kiingereza. West Bromwich Albion ikamchukua kwenye kituo chake cha vijana, Uingereza ikamwita timu ya chini ya miaka 16, kisha 17. Mei 2010, huko Liechtenstein, England iliifunga Hispania 2-1 na kuwa bingwa wa Ulaya kwa vijana chini ya miaka 17. Berahino alikuwa kwenye kikosi hicho. Tangu afike na begi lake mpaka avae medali ya Ulaya ilipita miaka sita hivi.

Mwaka huo huo wa 2010, watoto wa Kirundi wa rika lake walikuwa wapi hapa kwetu? Walikuwa Ulyankulu, kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Kaliua. Wazazi na babu zao walikimbia mauaji ya mwaka 1972. Serikali ya Tanzania iliwapokea kwa ukarimu ambao dunia iliusifu, ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa ushuru, wakajenga shule na makanisa. Vijiji vyao viliitwa kwa namba za barabara, na kwaya ya Barabara ya 13 ikasikika kwenye redio nchi nzima, watu wakiimba nayo bila kujua waimbaji si raia. Watoto wao walisoma shule zetu kwa Kiswahili chetu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 5, inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia, ila tu kama mzazi ni mwanadiplomasia au adui aliyevamia. Katika utekelezaji mtoto wa mkimbizi hakuhesabiwa hivyo. Alihesabiwa Mrundi, mkimbizi, ingawa Burundi hakuwahi kuiona.

Kufikia 2010 maombi ya uraia ya watu takriban 162,000 wa makazi yale matatu yalikuwa yamekubaliwa. Walishaukana uraia wa Burundi. Kisha vyeti vikazuiwa. Wakaambiwa makazi yatafungwa, wajiandae kuhamishiwa mikoa mingine ndipo wapewe. Wakasubiri, hawajui wapande mihogo au wafunge mizigo. Mpango wa kuwahamisha ukaachwa, na ugawaji wa vyeti ukaanza Oktoba 2014. Kutoka 1972 hadi 2014 ni miaka 42.

Hesabu hiyo uipeleke uwanjani. Mvulana aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1993, mwaka mmoja na Berahino, alipata cheti cha uraia akiwa na miaka 21. Umri wa Serengeti Boys, timu yetu ya chini ya miaka 17, ulishampita, na wa Ngorongoro Heroes, ya chini ya miaka 20, ulishampita. Wakati Berahino anasafiri kwenda Liechtenstein na hati ya Uingereza, mwenzake wa Barabara ya 13 hakuweza kupata hati ya Tanzania ya kwenda hata Kampala na timu ya vijana. Sidai kwamba Ulyankulu kulikuwa na Berahino mwingine. Nadai kwamba angekuwepo tusingemwona, na tukimwona tusingeweza kumtumia, kwa sababu sisi wenyewe tuliikalia karatasi yake. Mtoto wa Bujumbura alifaa kuwa bingwa wa Ulaya kwa Waingereza. Mtoto aliyezaliwa Tabora hakufaa hata kujaribiwa kwetu. Halafu mwaka 2025 tunaambiwa tufurahie kasi ya Uhamiaji!

Hapa uvumilivu wangu unaisha. Nchi haiwezi kusema kwamba uraia ni jambo zito linalohitaji miongo minne ya tafakuri, kisha ikasema ni jambo la kushughulikiwa kabla mechi za mzunguko wa pili hazijaisha. Ichague moja. Kama wepesi ulikuwepo, ulikuwa haki ya mtoto kabla haujawa zawadi ya klabu.

Ukuta huu wa karatasi una upande wa pili, na huo unawagusa watoto wa Watanzania walioko Ulaya. Sheria yetu inamvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili mpaka anapofika miaka 18, ndipo inamtaka achague. Maana yake dirisha la kumwita liko wazi katika umri ule ule wa Serengeti Boys. Nani analitumia? Yussuf Poulsen, ambaye baba yake alikuwa Mtanzania, aliichezea Denmark kwenye ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 17 huko Serbia mwaka 2011, wakafika nusu fainali. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 aliifunga Peru akiwa na jina la baba yake, Yurary, mgongoni. Denmark ilikuwa imemlea tangu utotoni. Sisi tulimfahamu kwenye televisheni. Haji Mnoga alivaa kwanza jezi ya England ya vijana, na Taifa Stars ikampata akiwa mtu mzima. Hadhi maalumu iliyoandaliwa kwa ajili ya diaspora ina faida zake kwenye ardhi na uwekezaji, lakini si uraia, na FIFA haiitambui.

Matokeo tunayaona. Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za vijana, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola, wakakosa nusu fainali kwa kufungwa na Niger. Tukasema wamebakiza kidogo. Mwaka 2019 tukaandaa wenyewe Dar es Salaam, tukafungwa mechi zote tatu. Mwaka 2025 huko Morocco, miezi michache tu baada ya sherehe za vyeti vya Singida, tukafungwa tena zote, Zambia ikitupiga 4-1 na Uganda 3-0. Uganda hiyo hiyo ilikwenda Kombe la Dunia la vijana Qatar mwezi Novemba, ikaifunga Ufaransa 1-0, ikaitoa Senegal, na ikatolewa na Burkina Faso kwa penalti. Waganda hawakununua mtu mzima. Walipeleka watoto. Na kwetu wasichana walishaonyesha njia: Serengeti Girls wa kocha Bakari Shime waliifunga Ufaransa 2-1 nchini India mwaka 2022 na kufika robo fainali ya dunia, wote wakiwa watoto wa hapa hapa.

Kinachotakiwa hakihitaji miujiza. Tabora imekuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA zaidi ya mara moja miaka ya karibuni. Watoto wa kila mkoa walilala kwenye mabweni yetu na kucheza kwenye viwanja vyetu. Pale ndipo RITA ilipaswa kuweka meza yake, kwa sababu kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa mwenye miaka 18, na kabla ya hapo watoto wengi hawana ushahidi wa umri zaidi ya cheti cha kuzaliwa. Tusisahau kwamba mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu kwenda Gambia na wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Cheti kikitolewa mapema, udanganyifu huo unakosa pa kujificha.

Na kanuni ya FIFA ambayo haikuwasaidia wale watatu inawasaidia watoto. Mtoto aliyeanza kuishi katika nchi kabla ya miaka 10 anahitaji miaka 3 tu ya kukaa, pamoja na uraia. Nyarugusu, mkoani Kigoma, ipo tangu 1996, na wamezaliwa humo watoto ambao sasa wana umri wa kuvaa jezi ya Serengeti Boys. Waziri wa Mambo ya Ndani aliyeweza kuweka saini kwa watatu anaweza kuweka saini kwa hao. TFF, ambayo wasakaji wake wa vipaji wanajua njia ya kwenda Mwanza na Mbeya, ipande treni ishuke Tabora, kisha iendelee mpaka Kaliua na Kigoma. Na mpaka hayo yafanyike, cheti kingine cha uraia kisitolewe kwa mchezaji mtu mzima.